Wimbo Wako wa Kwanza, Mlima wa Wenyewe

Hii ni hotuba niliyoitoa kwenye mkutano wa watunzi na wapigaji chipukizi. Naiweka nzima kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika. Slaidi nimeziacha, na hamjapoteza kitu.

Ndugu zangu watunzi, waimbaji, wapiga gitaa, wapiga ngoma, na ninyi maprodyuza mliojibanza kule nyuma, nawasalimu. Wakubwa zangu, shikamooni. Vijana, mambo?

Waandaaji wamenipa mada ndefu: namna ya kutunga singo ya kwanza, yaani wimbo mmoja unaotolewa peke yake, ya roki laini (roki ya sauti ya upole), iliyochochewa na mandhari takatifu. Nimeifupisha. Nitazungumza juu ya mlima, juu ya wimbo, na juu ya mtu anayesimama katikati ya hivyo viwili akiwa na gitaa mkononi na haraka kichwani.

Kwa nini nimeikubali mada hii? Kwa sababu nyimbo za namna hii zinanifikia nyingi. Kazi yangu ni kupanga muziki wa watu wengine, na haupiti muda mrefu kabla kijana fulani hajaniletea demo, yaani rekodi ya majaribio. Amepanda mlima, au amekaa kando ya mto unaoheshimiwa, ameguswa, amerudi na wimbo. Naketi, nasikiliza. Unaanza na upepo. Kisha filimbi. Kisha mwangwi, na mwangwi juu ya mwangwi. Kisha sauti inaingia kuniambia kwamba hapa roho yangu imepumzika.

Nina jaribio moja dogo kwa nyimbo hizo. Naliondoa jina la mlima ule, naweka jina la mlima mwingine wa bara jingine. Je, wimbo umebadilika? Haujabadilika hata silabi moja. Basi, wapendwa, wimbo ule hauna mlima ndani yake. Una habari za mtu aliyekuwa likizo.

Sisemi hivyo kumcheka mtu. Hisia zile ni za kweli, na ningekuwa mchawi kama ningewaambia msiguswe. Ninachosema ni kwamba kuguswa hakutoshi. Mahali patakatifu pana mambo yake, pana miiko yake, na pana wenyewe. Hayo matatu ndiyo yatakayokufundisha wimbo wako uwe vipi. Nashikilia hasa miiko, maana watunzi wengi wanaiona kama kizuizi, na mimi naiona kama mwalimu bora wa roki laini kuliko prodyuza yeyote, mimi mwenyewe nikiwamo.

Tuanze na mambo ya mahali.

Kaskazini mwa Tanzania, kusini mwa Ziwa Natron, kuna mlima uitwao Ol Doinyo Lengai. Wamaasai wanauita hivyo, yaani Mlima wa Mungu. Una mita 2,962 na ni volkano hai. Sasa niambieni: ukitunga wimbo wa volkano, rangi ipi inakuja kwanza? Nimesikia nyekundu. Nani mwingine? Nyekundu. Ukumbi mzima, nyekundu!

Lava ya Lengai mchana si nyekundu. Inatoka nyeusi, au kahawia iliyoiva, nyepesi ajabu, inakimbia kwenye mteremko kwa kasi ya maji machafu. Imejaa sodiamu na kaboneti, silika ndani yake karibu hakuna, na hakuna volkano nyingine hai duniani inayotoa lava ya aina hiyo. Joto lake ni kama nyuzi 500 hadi 600 za Selsiasi, wakati lava ya basalti iliyozoeleka huwa karibu 1,100 na zaidi. Wekundu wake utauona usiku tu, tena hafifu. Halafu ikishaganda ikapata unyevu, inageuka nyeupe. Mgeni akiutazama mlima kwa mbali anadhani kileleni kuna theluji.

Mnasikia hilo? Mlima wa Mungu, na moto wake ni mweusi, na moto huo ukipoa unakuwa mweupe. Mtunzi gani angeweza kubuni kitu kama hicho akiwa ameketi chumbani? Lakini nimesikia nyimbo za Lengai zenye moto mwekundu, ndimi za moto, moto unaowaka moyoni. Yule mtu alifika mlimani akiwa na volkano yake kichwani, akaondoka nayo hiyo hiyo.

Sogeeni kidogo upande wa magharibi, ndani ya Serengeti, kwenye miamba ya Moru. Pale kuna jiwe linalolia. Ni jiwe kubwa, na usoni lina vibonyeo vidogo vya mviringo, vilivyochimbika kwa kugongwa na mawe madogo, pigo juu ya pigo, na mikono ya watu wengi. Ukiligonga kwenye kibonyeo kimoja linatoa sauti kali ya chuma. Ukihamia kingine, sauti inabadilika. Kwenye mwamba wa jirani kuna michoro ya Wamaasai, ngao zao, kwa rangi nyekundu, nyeusi na nyeupe. Jiwe la namna hiyo lipo pia kwenye kisiwa cha Lolui, Ziwa Victoria, upande wa Uganda.

Nataka msikie sauti yenyewe, si hadithi yake tu. Ni kavu. Pigo moja, mlio, umekwisha. Hakuna mwangwi wa sekunde nane unaoelea hewani. Tumezoea kuamini kwamba kitu kitakatifu lazima kiwe na mwangwi mrefu, na imani hiyo tumeipata kwenye majengo, kwenye makanisa ya mawe na misikiti yenye kuba. Nje, uwandani, sauti haina ukuta wa kuirudisha. Inakwenda, haigeuki. Kama wimbo wako ni wa uwanda, kwa nini unausikilizisha kana kwamba umeimbwa ndani ya tangi?

Kwa hiyo, kabla hujashika kalamu, sikiliza pale mahali panasikika vipi. Si panakufanya ujisikie vipi. Hayo ni mambo mawili.

Sasa nakuja kwenye miiko, na hapa nitakaa.

Kule Tibet uko mlima Kailash, mita 6,638. Wahindu wanauheshimu, Wabudha wanauheshimu, Wajaini wanauheshimu, na wafuasi wa dini ya kale ya Bon wanauheshimu. Dini nne, mlima mmoja. Na kileleni pake hakujasimama mtu yeyote anayejulikana. Si kwamba ni mrefu mno. Everest ina zaidi ya mita 8,800 na watu wanapandana kama foleni ya basi. Kailash haupandwi kwa sababu haupandwi. Watu wanauzunguka kwa miguu, njia ya kilomita kama 52, na wapo wanaoizunguka kwa kusujudu, wanalala kifudifudi, wanainuka, wanasogea urefu wa mwili, wanalala tena. Wahindu na Wabudha wanazunguka kwa kufuata mwendo wa saa. Wabon wanazunguka kinyume chake. Wanakutana njiani, kila mmoja na upande wake, na mlima uko katikati haujaguswa.

Huo ni wimbo, ndugu zangu. Huo tayari ni mpangilio wa muziki!

Nieleze. Chukueni wimbo wa mwendo wa mapigo 72 kwa dakika, katika ufunguo wa D, yaani noti ya D ndiyo nyumbani kwa wimbo. Sikio la msikilizaji, hata asiyejua jina la noti moja, linaingojea ile D ya juu kwenye kiitikio. Ndiko tulikozoeshwa: ubeti uko chini, kiitikio kinapanda, mwimbaji anafunga macho, anaipiga noti ya juu, ukumbi unapiga makofi. Sasa wewe mpeleke msikilizaji hadi B, umshushe. Mpeleke tena hadi B, umshushe kwa njia nyingine. Mara ya tatu mfikishe C-kali, nusu hatua tu kutoka kileleni, mkae pale pumzi moja, kisha mgeuke mrudi chini. D ya juu haimo katika wimbo wote. Msikilizaji hatajua ni nini kimekosekana. Atajua tu kwamba anataka kuurudia.

Na magitaa mawili? Moja lichambue nyuzi kutoka chini kwenda juu, jingine kutoka juu kwenda chini, yote kwenye kodi ile ile, yaani noti zile zile zinazopigwa pamoja. Yanapishana katikati ya kila baa, yaani kila fungu la mapigo, kama wale mahujaji. Liweke moja sikio la kushoto, moja la kulia. Hakuna haja ya filimbi.

Mnajua roki laini ilitoka wapi? Ilizaliwa mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970, Marekani na Uingereza, wakati roki imeshakuwa ukuta wa spika. Wakatokea watunzi waliorudi kwenye gitaa kavu lisilo la umeme, kinanda cha umeme chenye sauti ya kengele laini, na sauti tatu nne za binadamu zilizopangwa juu ya nyingine. Redio za FM zikaukamata muziki huo. Wenye roki ngumu waliudharau, wakauita muziki wa kwenye lifti. Wengine bado wanauita hivyo, na kusema kweli baadhi yake ndivyo ulivyo. Lakini nguvu ya roki laini ilikuwa hapo hapo: ilikuwa na umeme wote, ina ngoma zote, ina vipaza sauti vyote, na ikaamua kutovifungua hadi mwisho. Ukimya wa mtu asiye na spika ni umaskini tu. Ukimya wa mtu mwenye spika ni uamuzi, na huo ndio ulio karibu na mwiko.

Lakini wimbo wa kwanza una kishawishi. Unataka kuonyesha kila unachokijua. Solo ya gitaa iwemo, kubadili ufunguo kuwemo, rafiki yako anayepiga violini naye awemo kwa sababu aliahidiwa. Nikiona hayo naukumbuka Uluru.

Uluru ni ule mwamba mkubwa katikati ya Australia, umeinuka mita 348 juu ya uwanda. Wenyewe ni Waanangu, na ardhi ile walirudishiwa rasmi tarehe 26 Oktoba 1985. Kwa miaka mingi palikuwa na ombi lao pale chini ya mwamba: tafadhali msipande. Watalii walilisoma, wakapanda. Hatimaye kupanda kukapigwa marufuku kuanzia tarehe 26 Oktoba 2019. Na siku zile za mwisho kabla ya marufuku mnajua palikuwa na nini? Foleni. Watu walisafiri kutoka mbali kuwahi kukanyaga juu kabla hapajafungwa. Nyimbo nyingi za kwanza ni foleni ile. Kila kitu kinapanda kwa sababu kinaweza kupanda.

Je, nani hapa ana wimbo mpya ambao ngoma yake inaingia kabla ya ubeti wa pili? Inueni mikono, hakuna polisi. Naona ni wengi. Jaribuni hivi mkirudi nyumbani: zimeni ngoma mpaka kiitikio cha pili, na ikiingia iingie kwa brashi, bila zile sahani za shaba. Besi ingoje ubeti wa pili. Baada ya hapo uliza kila chombo: ukitoka, wimbo unaanguka? Kama hauanguki, toka nje. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na naamini kati yao alikuwemo mpanga muziki.

Hapa nawaomba maprodyuza wafumbue macho, maana nazungumzia mwangwi, na wao ndio wanaoumwaga.

Istanbul kuna Hagia Sophia. Ilijengwa kama kanisa katika karne ya 6, ikawa msikiti, ikawa jumba la makumbusho, na tangu mwaka 2020 ni msikiti tena. Wakati bado ni makumbusho, watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walitaka kujua nyimbo za zamani za Kibizanti zilisikika vipi chini ya kuba lile. Kuimba ndani hakukuruhusiwa. Wangefanya nini? Wangeweza kulalamika. Wangeweza kupenyeza mwimbaji kwa siri, akaimba, wakatimuliwa. Mwaka 2010 waliingia na maputo. Wakapasua puto, paa, wakarekodi jinsi jengo lilivyolijibu lile pigo. Jibu hilo lilidumu sekunde kama 11. Kutoka kwenye mlio ule mmoja kompyuta ikapata tabia yote ya jengo, na kwaya iliyosimama studio huko Marekani ikaimba huku ikijisikia imo Hagia Sophia. Hawakuvunja mwiko, na kwa sababu hawakuuvunja wakapata kitu ambacho mwimbaji wa kujificha asingewapa.

Sasa tupige hesabu pamoja. Mapigo 72 kwa dakika maana yake kila pigo ni sekunde 0.83. Baa ya mapigo manne ni sekunde 3.3. Mwangwi wa sekunde 11 unachukua baa tatu na zaidi. Neno uliloliimba baa ya kwanza bado linaelea unapoanza ya nne! Kama kodi ya baa ya nne hailingani na ya kwanza, umepika matope. Ndiyo maana nyimbo za kuba lile zilikwenda polepole, sauti moja ya msingi ikishikiliwa chini muda mrefu: jengo lilikuwa linatunga pamoja nao. Kwa hiyo, prodyuza, ukitaka mwangwi mrefu, badilisha utunzi ulingane nao. Ukishindwa, weka mwangwi huo kwenye kitu kimoja tu, tuseme kinanda, na sauti ya mwimbaji iache kavu, karibu na maikrofoni, hadi tusikie ulimi ukiachana na meno. Mimi nachagua hivyo mara nyingi. Mtu mdogo aliye karibu, na kitu kikubwa kilicho mbali nyuma yake. Msikilizaji anajipima mwenyewe.

Suala la urefu wa wimbo nalipita haraka. Singo zimekuwa za dakika tatu hivi tangu enzi za santuri, kwa sababu upande mmoja haukubeba zaidi. Hata ile ndogo ya mizunguko 45 iliyoanza kuuzwa mwaka 1949 iliishia humo humo. Leo hakuna santuri inayokubana, ila kuna majukwaa ya mtandaoni, na Spotify kwa mfano huhesabu wimbo umesikilizwa ukifika sekunde 30. Ndiyo maana mnaambiwa kiitikio kije mapema. Sikubaliani na kukimbilia kiitikio, lakini nikiambiwa niingoje dakika nzima ya upepo na mimi nazima. Sekunde kumi za gitaa zinatosha kumkaribisha mtu.

Tumefika kwa wenyewe.

Mwaka 1970, kwenye kisiwa cha Malaita, Visiwa vya Solomon, mwanamke aitwaye Afunakwa alimwimbia mtafiti wa muziki Hugo Zemp wimbo wa kumbembeleza mtoto. Ndani yake mtoto mkubwa anamtuliza mdogo wake anayelia, na wote wawili ni yatima. Rekodi ile ikatoka kwenye mfululizo wa santuri za UNESCO. Mwaka 1992 sauti ya Afunakwa ikajitokeza ndani ya wimbo wa dansi wa wanamuziki wawili wa Ufaransa. Wimbo ukapendwa dunia nzima, ukauza, ukatumika kwenye matangazo ya biashara. Zemp alilalamika waziwazi kwa maandishi mwaka 1996. Watu mamilioni waliucheza wakidhani sauti ile imetoka misitu ya Afrika ya Kati.

Tafakarini. Yatima anambembeleza yatima, na sisi tunacheza dansi! Je, waliouweka walikuwa watu wabaya? Sidhani. Waliusikia, wakaupenda, wakaona ni wa dunia. Kupenda ndiko kulikowapotosha. Hata walioiba vigango vya Wagiriama, zile nguzo zilizochongwa kwa ajili ya marehemu, walikuta wanunuzi waliovipenda sana, wakavisimamisha kwenye makumbusho ya Marekani chini ya taa nzuri. Baadhi vimesharudishwa Kenya. Wenye vigango hawakuwahi kulalamika kwamba havikupendwa.

Hapo pwani ya Kenya misitu ya Kaya ya Wamijikenda iliingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2008. Kaya Kinondo, kule Kwale, inapokea wageni. Mgeni anafungwa kitambaa cheusi kiunoni kabla hajaingia, anatembea na mwenyeji, na akitoka hatoki na kitu, awe ameokota jani au kijiti. Na wewe je, ukirekodi ndege wa mle ndani kwa simu yako, umetoka na kitu au hukutoka na kitu? Siulizi ili niwajibu. Muulizeni mzee aliyewafunga kitambaa. Jibu lake ndilo litakaloamua kama sauti hiyo inaingia kwenye singo.

Maana kuna sheria pia. Itifaki ya Swakopmund ya ARIPO, shirika la nchi za Afrika la miliki ubunifu, ilipitishwa mwaka 2010, na Kenya ikatunga sheria yake ya kulinda maarifa ya jadi na tamaduni mwaka 2016. Kiini chake ni chepesi: jumuiya yenye kitu iulizwe kabla, itajwe, na ipate sehemu ya faida. Kwenye wimbo kuna haki mbili, ya utunzi na ya rekodi. Kama melodia ni yao, jina lao liwe kwenye utunzi, na asilimia iandikwe siku ile ile mnayorekodi, si baada ya wimbo kupanda. Lakini msianze na asilimia! Wengi wanaingia na asilimia mkononi, wakidhani ukishakuwa mkarimu mlango lazima ufunguliwe. Kwanza piga hodi. Wakisema kitu hiki hakitoki nje, basi hakitoki, hata ungewapa mia kwa mia.

Na kuna jambo dogo zaidi, la kalamu tu, ambalo halihitaji mwanasheria. Ni nani anayesema ndani ya mashairi yako?

Mwaka 2017 Bunge la New Zealand lilipitisha sheria inayoutambua mto Whanganui kuwa mtu kisheria. Una haki, una wajibu, na una wasemaji wawili, mmoja kutoka kwa Wamaori wa mto ule na mmoja kutoka serikalini. Madai ya wenyewe yalichukua zaidi ya karne. Wana msemo wao: mimi ni mto, na mto ni mimi. Watu wale wakiimba mimi ni mto, wanataja nasaba. Ukiimba wewe uliyepita pale na begi mgongoni, unajitwalia jina la familia ya watu.

Basi uimbe nini? Imba ulichokuwa. Ulikuwa mgeni, imba kama mgeni. Roki laini inampenda sana mtu wa nafsi ya kwanza aliye mdogo na hana uhakika, ndiyo nyumba yake hasa. Nilimwandikia dada mmoja mistari hii badala ya mimi ni mlima aliyokuja nayo:

Nilipita, hukunitazama,
nikakuzunguka hadi njia ikaisha,
jina lako nimelisikia kwa wenyewe,
mdomoni mwangu sijalitia.

Aliniuliza, sasa watu watajuaje ni mlima gani? Nikamwambia, waliozaliwa chini yake watajua. Alinuna kidogo, halafu akaenda kuuimba. Na jina la mlima kweli halimo, wala D ya juu haimo.

Kabla ya maswali, nimalize na moja nililoulizwa tulipokuwa kwenye chai: picha ya jalada inakuwaje? Ni swali zuri, kwa sababu wengi wanachunga wimbo mpaka mwisho kisha wanapachika mbele picha waliyoiokota mtandaoni. Kule Uluru kupiga picha kwa ajili ya biashara kunahitaji kibali, na kuna sehemu za mwamba ambazo Waanangu wanaomba zisipigwe kabisa, kwa sababu hadithi zake ni za wanaume peke yao au za wanawake peke yao, na zinatazamwa pale pale tu. Kurekodi sauti kwa biashara nako kuna kibali chake. Ukishindwa kupata kibali, mwambie mchoraji wako achore barabara ya kwenda, au viatu vyako vilivyojaa vumbi, au gitaa lenyewe. Hivyo ni vyako, hakuna wa kukudai.

Haya, naona mikono. Tuanze na yule wa kulia mwenye gitaa begani. Tuambie kwanza wimbo wako unaitwaje na ni mahali gani, kisha uliza.